Waziri wa Barafu

Timu ile ilikuwa na watu watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyejipa cheo. Dada mtu aliendesha gari. Mjomba wao, mdogo wake mama, alichomelea chuma na alumini. Na mdogo mtu, mwanaume mzima wa miaka ishirini na tisa ambaye akili yake ilikuwa bado iko njiani inakuja, alishughulika na barafu. Siku moja alijitangaza kuwa Waziri wa Barafu na Mambo ya Ubaridi, akajiapisha mwenyewe mbele ya friji, mkono mmoja juu ya kitabu cha maelekezo ya friji hiyohiyo. Tangu hapo jina likamganda. Waliompenda walimwita Waziri, na waliomdharau pia, ambao hawakuwa wachache.

Msomaji asiicheke wizara. Gari lao la mbio lilikuwa na tabo, na kazi ya tabo ni kuishindilia injini hewa kama mtoto anavyoshindiliwa uji. Sasa hewa ikishindiliwa inapata moto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli na kushika ncha ya pampu analijua hilo. Hewa ya moto ni nyepesi, haiishibishi injini, na joto likizidi petroli inalipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Kwa hiyo hewa yote ilipitishwa kwanza kwenye kipozeo, sanduku la alumini la ukubwa wa mkate, lenye vijia vyembamba ndani. Hewa ilipita upande mmoja wa vijia, maji ya barafu upande wa pili. Maji hayo yalikaa kwenye tangi lililofungwa ubavuni mwa kiti cha dereva, na kusukumwa na pampu isiyozidi ngumi ya mtoto. Barafu ikijaa na maji yakizunguka, geji ya joto la hewa husoma thelathini na kitu, na Dada anawaacha wenzake wanameza vumbi.

Kipozeo kile Mjomba alikitengeneza kwa mikono yake, wiki tatu, mshono kwa mshono. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Siku hizo alikuwa ameanza kumwomba Dada amsomee namba kwenye rula, kisha anasema, "Taa ya humu ndani mbovu," na wote watatu wanaiangalia taa, ambayo haikuwa na kosa lolote duniani, na kuilaumu kwa pamoja.

Dada naye alikuwa na mazoea yake. Kila mara kabla ya kwenda mstarini alifungua kifuniko cha tangi, akazamisha mkono kwenye barafu, akahesabu mpaka ishirini, akafunga. Alisema kunamtoa wasiwasi. Na Dada huyuhuyu, ambaye hakuogopa mwendo wala ukuta, alikuwa akiona mende tu, yeye mwenyewe anapanda juu ya meza. Waziri aliyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani, akahisi taifa linamwita.

Akanunua mende wa mpira. Akamgandisha ndani ya bonge la barafu, miguu imetawanyika vizuri, masharubu yote mawili wazi, na asubuhi ya fainali akamtumbukiza kwenye tangi pamoja na barafu nyingine. Dada angezamisha mkono, angegusa kitu, angepiga yowe, watu wangecheka, mende angetolewa na mbio zingeendelea. Mpango ulikuwa mzuri na ulikuwa na kasoro moja tu: uliwategemea waamuzi kufuata ratiba.

Waamuzi waliita mapema, karibu nusu saa kabla.

"Gari namba nane, mstarini! Sasa hivi!"

"Sijaweka mkono," Dada alisema huku anavaa helmeti.

"Utaweka ukirudi." Mjomba aliinama akamkaza mkanda. "Nenda, mwanangu. Kila kitu kiko sawa, nimekikagua mwenyewe."

Waziri alikuwa ameshika mlango wa gari. Alikuwa na sekunde kama kumi, na maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili: kuna mende. Lakini hatua chache kutoka pale walisimama wapinzani wao, timu nzima yenye fulana za kufanana, na fundi wao mkuu, jitu la kejeli, alikuwa anamtazama. Waziri aliwaza maneno yale yatakavyosikika mbele ya zile fulana. Akajiambia kwamba ni mpira tu, utaelea. Akafunga mlango, akagonga paa mara mbili kama ilivyokuwa ada.

Mpira ule haukuelea.

Mbio zenyewe zilikuwa za mita mia nne, kwenye njia ya ndege isiyotumika tena, na zilikuwa zinakwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Dada alitangulia. Baadaye alieleza kwamba geji ilisoma thelathini na nane, halafu sabini, halafu mia na nne, na kwamba alikuwa mbele kwa urefu wa gari moja, na mguu ukakataa kutoka kwenye mafuta. Zilikuwa zimebaki mita themanini uliposikika mlio kama wa sufuria iliyoangushwa toka ghorofani. Moshi mweupe ukamfunika.

"Waziri!" fundi wa wapinzani alipaza sauti. "Serikali imeanguka!"

Wenzake wakavunjika mbavu.

Gari lilirudishwa kwa kuvutwa na kamba. Dada alishuka, hakumwangalia mtu, akaanza kushika mipira ya maji mmoja baada ya mwingine.

"Pampu inalia," alisema. "Barafu imo. Lakini huu mpira wa kurudi ni wa moto. Maji hayaendi. Kumeziba mahali." Akachukua spana. "Wewe, mwaga tangi. Mimi natoa kipozeo."

Waziri alilimwaga tangi upande wa nyuma wa gari. Chini kabisa, juu ya mdomo wa pampu, mende alikuwa amelala kifudifudi, amenyonywa mpaka akabana kama kizibo cha chupa. Alimbandua kwa ukucha, akamtia mfukoni. Alikuwa anakwenda kusema. Kweli, alikuwa anakwenda kusema. Alizunguka gari akiwa ameshafungua mdomo, akamkuta Dada amesimama mbele ya Mjomba, kipozeo mikononi.

"Tone la alumini, Mjomba. Wakati unachomelea limedondokea ndani likaganda. Hakuna kingine." Sauti yake haikuwa ya ukali, ingekuwa ya ukali ingekuwa nafuu. "Ni macho. Nilikuambia twende ukapime macho."

Mjomba alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena.

"Inawezekana," alisema.

Mdomo wa Waziri ukajifunga wenyewe.

Siku tatu zilipita. Mende hakutupwa. Waziri alimhamisha kutoka suruali hii kwenda ile, kwa siri kubwa, kama afisa anayebeba nyaraka za nchi, na kila alipotia mkono mfukoni kutafuta funguo, vidole vilikutana na miguu sita. Alijiambia atasema Dada akipoa. Dada akapoa. Akajiambia atasema injini ikishafunguliwa. Injini ikafunguliwa, pistoni ya tatu ikatoka na tundu linalopitisha kidole gumba, na Dada akaiweka dirishani, nao wakawa wanakula huku inawatazama.

Siku ya tatu, mchana, Dada akamwambia, "Nenda kwa Mjomba. Mwambie kwa adabu kwamba kipozeo kingine tutanunua cha dukani."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nikimwona usoni nitalia. Na wewe si unaongea sana?"

Hivyo ndivyo Waziri alivyotumwa kumfukuza mtu kazi kwa kosa lake mwenyewe.

Karakana ya Mjomba ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, mitungi ya gesi imefungwa kwa mnyororo ukutani, na barakoa ya kuchomelea ikining'inia kwenye msumari. Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mgongo kwake, anapapasa sakafu kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayetandika shuka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Simama hapohapo, usije ukakanyaga."

Waziri alisimama. Juu ya meza aliona kipozeo. Kilikuwa kimekatwa katikati, toka juu hadi chini, kwa msumeno wa mkono. Nusu mbili zililala chali, vijia vyote nje.

"Umekikata?"

"Nilianza kwa kukipuliza, hewa ikapita. Nikamimina maji, yakapita. Nikasema basi, hilo tone linacheza humo ndani, likitaka linaziba, likitaka linaachia. Nikakata."

"Ukaliona?"

"Sikuona kitu." Mjomba aliketi juu ya visigino vyake, akageuka. Magoti ya suruali yalikuwa meupe kwa vumbi la alumini. "Vijia arobaini na nane, vyote safi. Ndiyo nikajua mambo yamekwisha. Dada yako kapoteza injini nzima kwa ajili ya hilo kosa, mimi nimelipasua katikati, nimeliweka juani, na bado silioni! Sasa natafuta chini, pengine lilidondoka. Vidole angalau bado vinafanya kazi." Akarudi kupapasa. "Jumamosi yule fundi wa mageti wa jirani atakuja kuchukua mashine ya kuchomelea. Nimempa. Ana macho mazuri yule. Mwambie Dada asiwe na wasiwasi, sitamsumbua tena."

Ujumbe wa adabu aliotumwa Waziri ulikuwa umeshafikishwa na mwenyewe mpelekewa. Angeweza kusema "sawa Mjomba" na kuondoka, na hakuna mtu angejua mpaka kiama. Miguu iligeuka nusu kuelekea mlangoni. Hilo nalo lazima lisemwe. Alitafuta utani wowote, hata ule mbovu kabisa, wa kumvusha. Stoo ya utani ilikuwa tupu.

Akapiga magoti.

"Hakuna tone, Mjomba."

"Umejuaje?"

Waziri alitia mkono mfukoni, akamweka mende sakafuni.

"Mende!" Mjomba alivua ndala kwa kasi ambayo miaka sitini na mitatu haikuitarajia, akamtandika mara mbili. Mende aliruka juu, akatua kwa mgongo, mzima wa afya.

"Ni wa mpira," Waziri alisema.

Mjomba alimwokota. Alimsogeza karibu na macho, akamweka mbali, akamsogeza tena. Waziri akasimulia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi: lile bonge la barafu, mkono wa Dada, waamuzi, sekunde kumi, mdomo wa pampu. Ilikuwa hadithi fupi sana. Ilishangaza jinsi ilivyokuwa fupi.

"Ulimtoa lini?"

"Palepale. Wakati namwaga tangi."

"Kabla dada yako hajasema habari ya macho?"

"Kabla."

"Kwa hiyo mimi niliposema inawezekana, wewe unaye."

"Mfukoni."

Waziri aliikazia macho ndala, akiisubiri. Angeipokea kwa mikono miwili, angetoa na shukrani. Mjomba aliirudisha mguuni.

"Mpigie dada yako."

"Jioni nikirudi nyumbani nita..."

"Mpigie."

Alimpigia, akaisema tena, na safari hii ikawa fupi zaidi. Alipomaliza, upande wa pili kulisikika bomba la maji likifungwa. Alingoja matusi. Dada alikuwa na hazina kubwa ya matusi, na mengine aliyatunga mwenyewe.

"Mjomba yupo hapo?" Dada aliuliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Akampa. Mjomba aliipeleka dirishani, akasikiliza muda mrefu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo. "Hapana, mwanangu," alisema. "Hapana, usilie. Hukuwa unajua. Hata mimi niliamini." Akasikiliza tena. "Macho tutapima, hilo lako lilikuwa kweli. Njoo tu."

Alipoirudisha simu, Waziri aliiweka sikioni haraka. Ilikuwa imeshakatwa.

Mjomba alikwenda mezani. Alichukua zile nusu mbili, akazikutanisha, akapitisha ukucha kwenye mstari wa mkato. Msumeno ulikuwa umekula milimita mbili nzima, na vijia havikulingana tena. Alitikisa kichwa, akazitenganisha, akachukua tupa na kuanza kusawazisha upande mmoja.

"Mjomba, nikushikie?"

Tupa iliendelea kukwaruza. Baada ya muda Mjomba alinyanyua nusu ile, akaigeuzia mlangoni kuona kazi yake, akakunja uso.

"Sogea," alisema. "Unanizibia mwanga."

Waziri akasogea. Halafu akasogea tena kidogo, mpaka akajikuta yuko nje kabisa, kwenye jua, hajui kama ameruhusiwa kubaki au ameambiwa aende.