Jina la Mwalimu Halikai Chini

Ruoqing aliiona picha ikitundikwa kando ya picha ya sura ya marehemu Mwalimu Pang, damu ikamchemka. Milima ile aliijua. Miamba iliyochambuka kama nyuzi za katani, ukungu ulioachwa mweupe bila kuguswa na burashi: mtindo wa mkono wa mwalimu wao, si wa mwingine. Lakini juu kabisa, ukingoni kulia, palisomeka jina moja tu, Kang Delin.

"Kaka Delin, umesahau kuandika umefuata mkono wa nani."

Delin alikuwa akipanga matonge ya kijani ya unga wa mchele mbele ya udi. Ndiye mwanafunzi mkubwa wa marehemu, Ruoqing mdogo, na siku hiyo ya kuzuru makaburi ua ulijaa wageni wake. "Sikusahau, mdogo wangu. Siku hizi nani anamjua Mwalimu Pang, zaidi yetu na panya wa nyumba hii?"

Wawili watatu wakacheka. Mama Mwalimu, mjane wa marehemu, hakucheka. Aliinamia udi.

Tangu mazishi Ruoqing alikuwa anamtazama tu Delin na kumeza hasira. Siku hiyo haikumezeka. "Mwalimu hakuchora hata kichuguu bila kuwataja waliomtangulia. Wewe umeota wapi, kama uyoga?"

"Punguza sauti. Unanitia aibu mbele za watu."

"Aibu umekuja nayo mwenyewe, tena umeitundika ukutani!"

Delin akasonya, akachovya burashi kwenye wino. "Haya, naandika, roho yako itulie." Akaielekeza chini ya jina lake.

"Hapo?" Ruoqing akamdaka mkono, wino ukadondokea kiatu. "Mwalimu akae miguuni pako?"

Delin akainua macho. Jina lake lilianzia kwenye ukingo wa juu kabisa. Juu yake hapakubaki hata pa kutua nzi.

"Basi nafasi hakuna," akasema, sauti imemnywea.

"Umeimaliza wewe." Ruoqing akaitungua picha, akaikunja, akamsukumia kifuani. "Kachore upya. Na uanze na jina lake."

"Milima yote ile?"

"Yote!"

Hakuna aliyecheka tena. Mama Mwalimu akachukua udi wa kwanza, ambao siku zote mwanafunzi mkubwa ndiye aliyeutoa. Delin akanyoosha mkono kuupokea. Mjane akampita kama anavyopita nguzo, akampa Ruoqing.

Ruoqing akainama mbele ya sura ya mwalimu na msumari mtupu kando yake.