Amapiano ya Baba Moraa

Hapo mwanzo Nyakerario hakuwa na ugomvi na amapiano. Kwake ulikuwa muziki wa bodaboda na wa kinyozi jirani, unapita na kwenda zake huku yeye akishona sare za shule katika kibanda chake mjini Migori. Chuki iliingia Jumatatu moja, saa nne asubuhi, rafiki yake Gesare alipofika na simu mkononi.

"Mama Moraa, hebu tazama. Huyu si mzee wako?"

Alikuwa ndiye. Sammy, Baba Moraa, kiongozi wa besi katika kwaya ya Wasabato, muuza dawa za mifugo, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Kwenye klipu alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ambayo mkewe hakuwahi kuifua. Magoti ameyapinda, mabega yanatikisika polepole kama ya mtu anayepepeta nafaka ya wimbi. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu aliyevaa trakisuti ya manjano, akimwonyesha hatua. Sammy akakosea. Mwanamke akacheka, na Sammy naye akacheka, mdomo wazi, mpaka pengo la jino lake likaonekana.

Pengo hilo ndilo lililomchoma Nyakerario. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, Sammy alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kuhusu kucheza ngoma, alikuwa amesema mara moja tu kwamba yeye si mtu wa mambo hayo, na mjadala ukafungwa.

"Anaitwa Lynnet," Gesare alisema. "Ana darasa la mazoezi kila Jumapili, kwenye ule ukumbi nyuma ya stendi. Ni mtu wa Homa Bay."

"Namjua," Nyakerario akadanganya, akainamia cherehani na kushona mfuko wa shati juu chini.

Kuanzia siku hiyo muziki ule ukawa kama unamfuata makusudi. Kinyozi akiufungulia, yeye anasimamisha cherehani na kusonya. Muziki gani huu, aliuliza wateja ambao hawakuwa wamemuuliza chochote, unaobisha hodi dakika tano nzima bila kuingia ndani? Wimbo unaanza, unaanza, bado unaanza! Halafu ile ngoma nzito ya chini, kama pipa tupu linalobingirishwa juu ya mawe. Wateja walicheka wakidhani anatania. Hawakujua kwamba kila pipa lilipobingirika, yeye alikuwa akiona trakisuti ya manjano.

Jumapili iliyofuata Sammy alirudi nyumbani saa saba mchana, shati limelowa, anapiga mluzi.

"Umetoka wapi, Baba Moraa?"

"Mazoezi. Daktari alisema presha yangu imepanda."

"Daktari gani? Lini?"

"Februari."

Huo ulikuwa mwezi wa Mei. Nyakerario aliweka mwiko chini. "Na nani mwingine anajua?"

Sammy alifungua kamba za viatu taratibu, moja, kisha ya pili. "Lynnet anajua. Lazima umwambie mwalimu, ili asikuchoshe kupita kiasi. Wewe sikutaka kukutia wasiwasi."

Afadhali angemfumania na barua ya mapenzi, angejua pa kuanzia kugomba. Lakini hili angeligombeaje? Mwanamke mwingine alijua damu ya mumewe inavyokwenda, na yeye alijua saizi ya kola yake tu. Alimpakulia ugali, na wiki mbili nzima walisemeshana kupitia mtoto. Moraa, mwambie baba maji yako tayari. Moraa, muulize mama ufunguo uko wapi.

Mwezi wa Juni darasa lile lilialikwa Homa Bay kufanya mazoezi na wenzao wa huko, uwanjani karibu na ziwa. Safari hii Sammy aliaga.

"Unaweza kuja," alisema mlangoni.

"Nije kufanya nini? Kuwashikia viatu?"

Sammy akaenda. Saa moja baadaye Nyakerario alimpeleka Moraa kwa Gesare, akavaa gauni lake la kanisani, akamfuata.

Alitarajia kukuta vijana wa kujirusha. Alikuta wazee. Walikuwepo kina mama wa soko waliojifunga leso viunoni, mwalimu mstaafu mwenye mguu uliovimba, na bibi mmoja aliyeitwa Eucabeth, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja tu wa kufanya kazi. Lynnet alikuwa mbele akihesabu hatua kwa sauti. Sammy alikuwa mstari wa tatu. Lile pipa likabingirika kutoka kwenye spika, na watu arobaini wakashuka magoti pamoja.

Nyakerario angeweza kurudi zake hapohapo. Lakini Lynnet alishuka kati ya mistari, akamshika Sammy kiwiko na kukiinua kidogo. Ni kiwiko tu. Nyakerario hakukumbuka miguu yake ilivyokwenda. Alijikuta ameinama nyuma ya spika, waya mkononi, na uwanja mzima umenyamaza.

"Stima imepotea?" mtu aliuliza.

"Haijapotea," Nyakerario alisema. "Nimechoka na kelele hizi. Na wewe dada, umenichukulia mume."

Lynnet alimtazama, akamtazama Sammy, na uso wake ukawa wa mtu aliyechanganyikiwa kweli. "Mama, mimi hata jina lake la pili silijui. Najua presha yake tu."

Hakuna jibu ambalo lingemuumiza zaidi. Machozi yakamjaa Nyakerario. Bibi Eucabeth, ambaye mkono wake bado ulikuwa juu, akasema bila hasira, "Nyathina, mwanangu, rudisha wimbo. Nikipoa hivi, mkono huu hautashuka."

Nyakerario akaurudisha waya. Muziki ukaanza, na Sammy akatoka mstarini, akamwongoza mkewe hadi kando ya uwanja, palipokuwa na mawe ya kukalia.

Sammy akaketi. Kisha akasema, "Unakumbuka kule Oyugis, wiki ya harusi yetu? Nilicheza mbele ya dada zako. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukaniigiza, nao wakacheka."

Nyakerario alitafuta kichwani siku hiyo. Aliwakumbuka dada zake, na soda, na kicheko. Sammy hakumwona humo.

"Nilikuwa nafurahi," alisema.

"Najua. Lakini mimi nilisikia vingine. Hapa ninakosea kila siku na hakuna aliyewahi kuniigiza."

Waliporudi Migori hawakuwa watu wapya. Nyakerario alimtumia Lynnet ujumbe wa kuomba radhi, akaufuta na kuuandika mara nne kabla ya kuutuma, na Lynnet akajibu kwa neno moja tu: sawa. Nyakerario alianza kwenda kliniki na mumewe kila mwezi, na kadi ya Sammy sasa inakaa katika mkoba wake yeye. Jumapili Sammy akiondoka, wivu bado unamkaa kooni kama mwiba wa samaki, mpaka arudi. Na amapiano bado haipendi hata kidogo. Kinyozi anajua hilo.

Juzi jioni, akimenya ndizi jikoni, alimwona Sammy amesimama mlangoni, bega moja likitikisika lenyewe.

"Nionyeshe hiyo hatua," alimwambia.

Sammy alifikiri. "Bado," akasema.

"Haya," Nyakerario akasema, akachukua ndizi nyingine.