Dari ya Mkuu wa Idara

Kikao cha idara kilichelewa kuanza kwa kuwa chupa ya chai ilikuwa haijaletwa, na bila chai wajumbe wale hawana kauli. Ilipofika wakamiminiana, wakapitishiana biskuti, ndipo Mkuu wa Idara akafungua faili na kutangaza kwamba muhula ujao somo la Mama Kwa Nini limefutwa, na mkataba wake hautaendelea.

Mama Kwa Nini alikuwa ameketi karibu na mlango. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hakuna insha aliyoirudisha bila kuandika swali hilo pembeni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewasoma wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na saba, wale walioshikilia kwamba hakuna kilichopo bila sababu, na kwamba akili ya binadamu ikitumiwa sawasawa inaweza kuifikia. Kitabu chake, kilichobakiza sura ya mwisho, kilianzia hapo na kuuliza maisha yana maana gani. Jibu lake lilikuwa fupi: mtu anaishi kibinadamu pale anapoweza kutoa sababu ya anayotenda na kupewa sababu ya anayotendewa. Ukimnyima hiyo, umemfanya samani.

Basi akauliza, kwa upole, ni kwa sababu gani.

Idara ile ilikuwa na desturi yake. Swali kama hilo halikuulizwa kikaoni. Mkuu akishatamka, wajumbe hugonga meza kwa vidole na jambo limepita. Desturi mbovu kabisa. Watu wazima, kila mmoja na shahada zake ukutani, na wote walijua ni mbovu, ila iliwawahisha nyumbani.

"Hakuna sababu," Mkuu akasema. "Imeamuliwa tu."

Hapo kiti chake kikaachana na sakafu. Kilipanda taratibu, naye juu yake, faili mapajani, mpaka kichwa kikagusa dari karibu na feni. Mjumbe mmoja akaenda kuizima feni. Waliobaki wakagonga meza, na waliogonga kwa bidii wakainuka nao kidogo, kiasi cha kupitisha sahani chini ya viatu vyao. Mhadhiri wa mantiki, rafiki wa Mama Kwa Nini tangu ujana, aligonga kwa kidole kimoja. Kwake viliinuka visigino tu, na hakumtazama. Kisha wakaingia kwenye ajenda ya maegesho ya magari.

Wajumbe walishuka kufikia jioni. Mkuu hakushuka. Chai alipelekewa kwa ngazi, na karatasi za kutia saini zilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Kila asubuhi Mama Kwa Nini alikwenda kusimama chini ya soli zake, akamwambia kwamba angetaja sababu yoyote, hata mbaya, ilimradi iwe sababu, angeshuka. Mkuu alijibu kwamba hawezi kushurutishwa na mtu wa mkataba. Alicholalamikia ni shingo.

Chuo kikachukua hatua. Uamuzi hakikuugusa. Kiliagiza dari itobolewe, na juu ya dari ile palikuwa na ofisi ya Mama Kwa Nini.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, bwana asiyeishiwa mizaha. Siku hiyo aliingia na nyundo, kimya, akamkuta anapanga vitabu kwenye maboksi.

"Shemeji, nimeambiwa nibomoe sakafu yako. Nikikataa wataleta mwingine, na watoto wanataka kula."

"Hiyo ni sababu," akasema Mama Kwa Nini. "Bomoa."

Shemeji akaiangalia miguu yake mwenyewe. Ilikuwa imekanyaga chini sawasawa. Akajaribu kutabasamu.

"Lakini si husema aliye juu mngoje chini?"

"Nilimngoja, shemeji. Wamempandishia dari."

Akabomoa. Vumbi lilipotulia, kichwa cha Mkuu kikachomoza katikati ya ofisi, kikafuatwa na kiti. Akanyoosha shingo, akashusha pumzi, akauliza kama rafu zitabaki.

Muhula ulipofunguliwa ikagundulika kwamba wanafunzi walishajiandikisha kwa lile somo. Somo likarudishwa. Mwalimu wake hakurudishwa. Alikuwa kwa mdogo wake, maboksi yamejaa sebuleni, sura ya mwisho haijaandikwa. Mkuu alilifundisha mwenyewe kutokea juu, na wanafunzi wakakaa chini ya tundu, shingo zimepinda. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba hakuna kilichopo bila sababu.

Binti mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono, akauliza kwa nini Mama Kwa Nini ameondolewa. Mkuu akasema hilo halimo kwenye mtihani. Wenzake wakagonga meza. Binti akashusha mkono, akaandika kwamba hakuna kilichopo bila sababu, na kiti chake kikaanza kuinuka.