Mwavuli Juu ya Kitanda Namba Sita

Bibi alifungua mwavuli ndani ya wodi ya wazazi, akaushika juu ya kitanda namba sita. Chini yake alilala mkwe wake, aliyejifungua kwa upasuaji juzi, kichanga kifuani. Tone la paa likagonga mwavuli.

"Bibi, mwavuli haufunguliwi wodini," nesi alisema.

"Na mvua je, mmeiruhusu?"

Nesi alibana kicheko. Vitanda vyote vilijaa, na kidonda kibichi hakitaki maji.

Mkono ulipoingia ganzi, Bibi alimwachia jirani wa kitanda namba tano zamu ya mwavuli, akaenda na risiti kwa katibu wa hospitali. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili: ada ya matengenezo.

"Mwanangu, hapa nimenunua kipande cha paa. Nioneshe ni kipi, mkwe wangu akalale chini yake."

"Mama, bodi ndiyo inayopanga ada. Lakini makusanyo yanakwenda makao makuu ya wilaya. Yakirudi, ndipo tunatengeneza."

"Huko makao makuu kunavuja?"

"Hapana, mama."

"Nilidhani hivyo."

Akavua viatu, akajipweteka kitini.

"Mama, nafunga ofisi."

"Funga tu, baba. Hapa pakavu."

Katibu alikuna kichwa, kisha akatoboa siri: lipo fungu dogo la dharura ambalo halipandi wilayani. Linatoka kwa sahihi tatu, ya mganga mkuu, ya mwenyekiti wa bodi na ya mwakilishi wa wagonjwa. "Ila kiti cha mwakilishi ni kitupu mwaka wa pili sasa. Hakina posho, watu wanakikimbia."

"Nani huchagua?"

"Wagonjwa na jamaa zao."

Bibi alishavaa viatu. "Beba karatasi zako. Wapiga kura wangu wamelala, hawaendi popote."

Wodi nzima ilinyoosha mikono. Mama wa mapacha, mikono yote ikiwa na watoto, alinyoosha mguu, na katibu akauhesabu.

Bibi aliandika jina lake polepole, herufi kubwakubwa za darasa la nne. Mwenyekiti na mganga mkuu wakafuata. Kesho yake fundi alikuwa juu ya paa akigongelea bati jipya.

"Sasa mama, utapumzika nyumbani," katibu alisema kwa matumaini.

Bibi alikunja mwavuli, akaukung'uta.

"Kikao cha bodi si Alhamisi? Nimepita wodi ya wanaume. Choo chao hakina mlango, na risiti zao zina mstari wa pili kama yangu."

Akauacha mwavuli nyuma ya mlango wa katibu, usije ukasahaulika siku ya kikao.