Kimto cha Mabegani

Mume wangu nilimwita mwongo mbele ya mama yake, na hakuwa mwongo. Nalisema mapema ili msinione natafuta huruma.

Yeye hubeba magunia kwenye ghala la nafaka. Mimi nashona nguo chumba cha mbele. Watoto wetu ni wawili. Nilipojifungua wa pili nilimwaga damu mpaka nesi akaacha kunidanganya kwamba nitapona. Nikapona. Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mimba ya tatu itanizika.

Vidonge nilikuwa nimemeza miaka saba kwa jumla, vikaniletea presha. Sindano ikanifanya nivuje damu mwezi mzima. Kitanzi, mwili ulikikataa. Kunifunga kizazi, wakasema, ni kunirudisha kwenye meza ileile ya upasuaji iliyokaribia kuniua. Na mume wangu kufungwa mirija, kisu hataki hata kukisikia. Mwanamume wa kubeba kilo mia, sindano ya ganzi inamtoa jasho!

Ndipo nesi wa kliniki akatueleza kuhusu dawa inayojaribiwa kwa wanaume. Ni ya kupaka, mabega yote mawili, kila siku, mpaka mbegu zipungue zisiweze kutunga mimba. Akiacha, zinarudi. Hakutuficha kitu: ni majaribio, huenda ikamletea chunusi, huenda hamu ikapanda au ikashuka, na likitokea la kutokea, tumbo ni langu. Ndiyo maana walitaka sahihi mbili. Mume wangu aliuliza maswali kumi, yote kuhusu chunusi na hamu.

Ghalani wakampa jina, Bwana Mafuta. Mama mkwe akaja kuniuliza, kwa ule upole wake wa kuchoma, kama nimeamua kumhasi mwanawe. Nikamjibu kwamba ng'ombe huhasiwa bila kuulizwa, huyu wake ametia sahihi. Akanywa maji.

Kila alfajiri alioga, akapaka, akasubiri ikauke, nami nimesimama mlangoni nahakikisha. Miezi mitatu mbegu zikashuka, daktari akaturuhusu kuitegemea dawa peke yake. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nijifungue. Nikaacha kusimama mlangoni. Tena kwa shukrani nikamshonea kimto cha kazi, maana siku zote alikuwa akijikunjia gunia kisogoni: turubai juu, kitambaa laini chini, pamba ndani, kinakaa mabegani kama ukosi mpana ili magunia yasimchubue. Wenzake walikionea wivu.

Mwezi wa sita kliniki wakatuita. Mbegu zimepanda. Daktari akamuuliza anaruka siku ngapi, akasema hata moja. Basi daktari akanitazama mimi, kwa yale macho ya kusema wanaume tunawajua. Nami siku zangu zilikuwa zimechelewa siku tisa, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe amekaa na watoto. Sikumjali.

"Mwongo wewe," nilimwambia mume wangu. "Umechoka kuitwa Bwana Mafuta, ukaona bora mimi nizikwe."

Hakupandisha sauti. "Umemeza vidonge miaka saba. Niliwahi hata siku moja kukuuliza kama umemeza?"

"Hukuuliza kwa sababu mimba haiingii tumboni mwako."

Mama mkwe akainuka, akawachukua watoto jikoni. Nikamwambia mume wangu kuhusu zile siku tisa. Akakaa sakafuni, mtu mzima, akashika kichwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikachukua kimto nikifue, angalau mikono ipate kazi, na nilipokisogeza puani nikasikia harufu ya spiriti. Jasho la mume wangu nalijua, halinuki hivyo. Nikachukua mkasi nikakipasua. Pamba ilikuwa imegandamana sehemu mbili, bega la kulia na bega la kushoto, njano, inanuka dawa ileile ya alfajiri.

Nikakaa kitako. Alikuwa akipaka, na pamba yangu ilikuwa ikinywa. Miezi mitatu nimezuia kimto kisishike mimba. Nilicheka, kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu tukakiweka mezani kwa daktari. Fomu yao ilikuwa imeuliza umri, uzito, anavuta sigara au havuti. Kwenye kazi waliandika "ghalani", wakadhani anashinda na kalamu. Dawa ilitaka saa kadhaa kuingia ngozini. Yeye nusu saa haijaisha yuko chini ya gunia na jasho linamtiririka. Daktari akaandika kwa muda mrefu. Hakuomba msamaha, ila yale macho yake aliyaacha.

Kisha nikapewa kikopo cha mkojo. Mume wangu alisimama ukutani, hakutaka kukaa. Mstari ukatoka mmoja. Hakuna mimba. Nesi akasema hata hofu huchelewesha siku, wakarudia na kipimo cha damu, kikasema vilevile. Mume wangu alilia, na sikumwambia anyamaze.

Sasa anapaka jioni, akishaoga, na mpaka mbegu zishuke tena tunatumia kondomu. Radhi nilimwomba mbele ya mama yake, palepale nilipomtukania, akasema yamekwisha.

Jioni ya kwanza alipochukua chupa ya dawa, nikaenda kusimama mlangoni. Akaniuliza kama bado simwamini. Nikamwambia namwamini. Sikuondoka. Akanitazama kidogo, kisha akasogea karibu na taa, nione mabega yote mawili.