Pua ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa akinusa jani kama analichumbia. Anafumba macho, anatanua pua, kisha anatangaza: "Ukoo wa mdalasini!" Mtu mzima na ndevu zake, anaringia kitu ambacho hata mbwa anacho.

Kitalu cha miche kilitaka mkusanya mbegu mmoja tu, na kwenye mafunzo tulikuwa tumebaki sisi wawili. Mwalimu alitufundisha miti ya asili ya msituni, ile iliyo ndugu wa mdalasini na mparachichi: ponda jani, linuse, kisha tazama mambo mengine. Mimi nilianzia kwenye hayo mengine. Tangu homa niliyougua nikiwa mjamzito, pua yangu ni pambo la uso tu. Sikumwambia mtu. Ningesema, ningerudishwa nyumbani, na kazi ile niliitaka kufa na kupona.

Basi nikajifunza kwa macho: weupe wa mgongo wa jani, vishimo kwenye makwapa ya mishipa yake, pale inapogawanyika, tunda lililokaa ndani ya kikombe chake. Shemeji akanicheka.

"Shem, hilo jani au gazeti? Nusa, twende zetu!"

Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku ya mtihani aliponda jani la kwanza, akapatia. La pili, akapatia tena. Ndoo ya maji na sabuni vilikuwa pale pale mlangoni pa kitalu, lakini bwana mkubwa kunawa ni kujishusha. Jani la tatu, alipolichuma tu, likatoa utomvu mweupe kama maziwa, ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Yeye kafumba macho, yuko mbinguni.

"Ukoo wa mdalasini!"

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Sio. Ukoo ule hauna maziwa."

"Lakini linanukia!" shemeji akafoka.

"Vidole vyako ndivyo vinavyonukia," mwalimu akasema, na kazi akanipa mimi.

Tulirudi nyumbani yeye kanuna, mimi nimevimba kichwa. Mlangoni mwanangu akamkimbilia baba yake mdogo, kama kawaida yake. Shemeji akambeba, akaizamisha ile pua yake kwenye nywele za mtoto.

"Umeogeshwa na nini leo, unanukia hivi?"

Nilimdharau kwa yote, na bado namdharau. Lakini mtoto nimemzaa mimi, na harufu yake anaijua yeye. Wivu ukanipanda, nikampokonya mtoto na kuingia naye ndani.