Wodi ya Nne Ilifariki Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, karani wa masijala ya hospitali alifuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, akapachika miwani puani, akawasha kompyuta, akangoja. Kompyuta ilikuwa ngeni. Ile ya zamani, yenye kioo cheusi na herufi za kijani, ilibebwa Ijumaa jioni na wapagazi wawili, ikaacha mezani mraba msafi ambao vumbi la miaka ishirini na miwili halikuwahi kuufikia.

Karani huyu hospitali nzima ilimwita Mama Jalada. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kompyuta aliyoizoea haikuwa na kipanya. Kila kazi ilikuwa na kitufe chake katika safu ya juu: F3 kutafuta, F5 kuchapa, F8 kwenda kwa mgonjwa anayefuata. Kila asubuhi aliwapitia waliolazwa, mmoja baada ya mwingine, kuona kama kila mtu yupo kitandani pake. F8, kukubali. F8, kukubali. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vya mtu anayepukuchua mahindi huku akipiga soga na jirani.

Mafunzo ya mfumo mpya yalichukua saa mbili, katika ukumbi wa chakula, mbele ya picha ya ukutani iliyogoma kutulia. Karani wa mapokezi, mzee aliyepewa jina la Kobe kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja, aliinua mkono akauliza vile vitufe vya juu sasa vinafanya nini.

"Baba, sahauni yote ya zamani," alisema mkufunzi, kwa tabasamu jema. "Sasa ni kipanya tu."

"Kusahau hatuna shida," alijibu Kobe. "Leo nimetafuta miwani nusu saa, kumbe nimeivaa. Shida ni vidole. Vyenyewe havisahau."

Watu wakacheka, chai ikaletwa, mafunzo yakaisha.

Wodi ya Nne ilikuwa na wagonjwa kumi na wanne. Mama Jalada alipobonyeza F8 kwa wa kwanza, kijisanduku chenye maneno madogo kilichomoza katikati ya skrini, naye akakubali kabla hakijamaliza kuchomoza. Kando ya jina likachipua ua dogo la kijivu. Akadhani ni pambo. Mfumo mpya ulipenda mapambo kama bibi harusi. Akaendelea. Wa saba alikuwa mume wake, fundi wa kufuli, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu kilichokuwa kimekwisha kufunga, wa kuruhusiwa Ijumaa. Jina hilo alilitazama kidogo zaidi ya mengine, kisha nalo akalipa ua lake. Ilipogonga saa mbili alikuwa amemaliza wodi nzima. Akajimiminia chai.

Saa mbili na nusu simu ya mezani ililia. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, mtu wa sauti ya upole na mizaha mibaya.

"Mama Jalada, nina wageni wako kumi na wanne hapa. Wamekuja kwa miguu. Mimi nimezoea kuletewa."

Wagonjwa wa Wodi ya Nne walikuwa wamefariki kwa kufuata orodha, mmoja mmoja, wakati wa chai ya asubuhi. Muuguzi alitambua jambo alipoona mvuke umeacha kutoka katika vikombe walivyoshika. Daktari alipita na kifaa chake masikioni, akasikiliza kifua cha kwanza hadi cha mwisho, hakusikia kitu. Akaangalia skrini, akaona inakubaliana naye, akatia saini. Kwa kuwa vitanda vilikuwa vinahitajika, marehemu waliombwa kushuka. Walivaa ndala, wakachukua mifuko yao. Lifti haikutambua uzito wao, wakatumia ngazi.

Mama Jalada alimkuta mume wake katika benchi la ukutani, kati ya mwalimu wa hesabu na mama muuza mkaa. Alikuwa amekunja mikono kama mtu anayengoja kunyolewa.

"Mke wangu, ni wewe uliyenibonyeza?"

"Ni mimi."

"Hukuangalia?"

"Niliangalia. Sikusoma."

Fundi kufuli alitikisa kichwa taratibu. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. "Mguu hauumi tena," alisema. "Nikwambie lililo zuri kwanza."

"Sikio la kufa," aliimba mhudumu wa chumba cha maiti, akipita na ndoo.

"Nyamaza wewe," alisema muuza mkaa. "Tulioko hapa wote tunasikia vizuri."

Ofisi ya Meneja wa Mfumo ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya kioo. Meneja alikuwa mwanamke mwenye adabu. Alimvutia Mama Jalada kiti, akampa pole mara mbili.

"Tulifundishwa kuna mshale uliopinda," alisema Mama Jalada. "Unarudisha kosa nyuma."

"Upo, mama. Unarudisha kila kitu isipokuwa kifo. Ilikuwa kuzuia udanganyifu."

"Na kwa nini F8?"

Meneja alifungua taarifa kwenye skrini yake, akaisoma kwanza yeye. "Vitufe vya juu havikuwa na kazi, vikagawiwa upya. F8 ikapewa kusajili kifo. Mfumo ulijaribiwa na watu ishirini kwa miezi mitatu. Hakuna aliyevigusa."

"Walikuwa watu wa umri gani?"

"Mkubwa wao alikuwa na miaka thelathini na moja."

"Sisi tuliuliza kwenye mafunzo."

"Najua, mama. Imeandikwa hapa: swali la makarani wazee, limejibiwa."

Ilibaki njia moja. Marehemu mwenyewe anaweza kuomba kurejeshwa, kwa alama ya kidole chake, kabla ya siku tatu kwisha. Yaani hadi Alhamisi saa mbili asubuhi; baada ya hapo kifo kinakuwa cha kudumu. Mama Jalada aliuliza kama kuna aliyewahi kurejeshwa. Meneja alisema ni mapema mno kutoa takwimu.

Kisomea alama za vidole kilikuwa kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa waya kwenye kompyuta ya masijala. Fundi kufuli alipanda ngazi, akakiinamia, akakigeuza chini juu kwa mazoea ya kazi. Katika miaka arobaini alikuwa amefungua makabati ya mabenki, malango ya matajiri, na mara moja jeneza lililofungwa kabla ya wakati.

"Kufuli hili halina hata tundu," alisema.

Akaweka kidole. Taa nyekundu ikawaka na maneno yakatokea: *Kidole baridi. Jaribu tena.*

Wakajaribu tena. Mama Jalada alikichovya kidole cha mumewe katika maji ya moto ya chupa. Maji yakapoa, kidole hakikupata joto. Alikipulizia. Alikisugua kwa kitambaa cha sufu. Jumanne alikibana kwapani mwake kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, akifanya kazi kwa mkono mmoja, na walipokiweka kwenye kidude taa ya kijani ikawaka, na sauti ya kike ikasema: *Karibu, karani wa masijala.* Joto lilikuwa lake, na kidude hakikudanganyika.

Wakati huo Wodi ya Nne ilikuwa imejaa tena. Katika ubao wa matangazo kulibandikwa barua ya pongezi kutoka juu: wodi imeongoza kwa kasi ya kuachia vitanda, na wodi nyingine ziige.

Vibali vya mazishi vilijichapa vyenyewe, nakala tatu tatu. Familia zilikuja. Zilipiga kelele kidogo na wakubwa, zikaonyeshwa vibali, zikatulia, kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri na marehemu alikuwa hana mapigo ya moyo. Wengine walikubali mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwalimu wa hesabu alikwenda makaburini mwenyewe, Jumanne alasiri, amevaa koti lake la shule. Alisimama ukingoni akawaambia wachimbaji kwamba upande mmoja umepungua kwa sentimita sita. Wakarekebisha. Akashukuru, akashuka, akalala, akawaombea radhi watoto wake kwa usumbufu. Hadi Jumatano mchana walikuwa wamekwenda kumi, na kwenye benchi walibaki wanne, wakikaa mbalimbali, maana nafasi ilikuwa tele.

Saa nane mchana huo Kobe aliingia masijala na vikombe viwili vya chai, akafunga mlango kwa kisigino.

"Unakunywa au unaitazama?"

"Weka hapo, baba."

Kobe aliketi. "Nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa. Nimejifunza kitu kimoja kuhusu hospitali. Anayetoka anaulizwa maswali mia. Anayeingia anaandikwa tu." Akasogeza kiti. "Ukurasa wa vizazi hauombi kidole. Nimeufungua leo nikautazama wote. Kichanga alama zake hazisomeki, kwa hiyo hawakukiweka."

Mama Jalada aliacha kukoroga.

"Lakini nikwambie ukweli, mama," alisema Kobe. "Mfumo huu hauna mzaha. Ukiandika amekufa, anakufa. Ukiandika amezaliwa, atakuwa amezaliwa. Hapo hakuna nusunusu."

Mama Jalada alishuka ngazi pole pole, akiwa ameshika ukingo. Alimweleza mume wake habari yote bila kupunguza. Fundi kufuli alisikiliza, macho yake sakafuni.

"Sitakukumbuka?"

"Hutamkumbuka mtu."

"Wala kazi yangu?"

"Wala kazi."

"Na nikibaki hivi?"

"Kesho saa mbili inakuwa ya kudumu. Kibali chako kimeshachapwa. Ninacho mfukoni."

Alinyoosha vidole vyake kumi, akavitazama kama mtu anayehesabu vifaa kabla ya kufunga sanduku. Alisema yeye angechagua kaburi. Amechoka, na kulelewa ni kazi. Kisha akaona uso wa mke wake.

"Utaniambia nilikuwa nani?"

"Kila siku."

"Sema nilikuwa mrefu," alisema. "Andika, basi. Andika upesi kabla sijapata akili."

Ukurasa wa vizazi ulikuwa wa rangi ya waridi. Safari hii Mama Jalada alisoma kila neno, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Jinsia: mume. Uzito: kilo sabini na moja. Mfumo ulimuuliza kama ana hakika na uzito, akasoma swali mara tatu ndipo akakubali. Penye jina la mama aliandika jina la mama mkwe wake. Mfumo ukalikataa, kwa kuwa mama mkwe alikuwa marehemu wa siku nyingi. Alijaribu kupaacha wazi, ukakataa. Akakaa kidogo, mikono mapajani. Kisha akaandika jina lake mwenyewe, na mfumo ukampongeza.

Kule chini fundi kufuli alipata joto kuanzia nyayo. Likapanda magotini, kiunoni, kifuani. Alifumba macho, akafumbua, akaitazama taa ya dari kwa umakini mkubwa, halafu akalia. Mhudumu wa chumba cha maiti alimfunika shuka tatu, akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya aina yake, akaenda kumtafutia maziwa.

Wale watatu waliobaki walipewa habari. Wawili walikataa, walisema kufa mara moja kumewatosha. Muuza mkaa alitaka, ila wanawe walikaa kikao cha dakika kumi uani, wakarudi, na mkubwa ndiye aliyesema.

"Mama, wewe ulitulea. Sisi tukulee tena kuanzia nepi, na hali ndiyo hii?"

"Hamtaweza," alikubali muuza mkaa. "Nawajua." Akasimama, akakung'uta kanga yake, akaomba wasimpeleke penye maji maji.

Ijumaa ukurasa wa vizazi ulifungwa kwa makarani wote, baada ya mtu wa takwimu kuona kichanga cha kilo sabini na moja. Waraka ulitolewa ukiwakumbusha watumishi wenye umri zaidi ya miaka hamsini na tano kusoma skrini kwa makini, na ukawataka watie saini kwamba wameelewa. Mama Jalada alitia saini. Kobe pia, kwa herufi kubwa. Kuhusu kitufe, jibu la watengenezaji lilifika baada ya wiki tatu: kukihamisha kungehitaji toleo jipya, na toleo jipya lingehitaji kujaribiwa, na kwa sasa hakuna malalamiko yaliyo wazi. Waliokuwa wa kulalamika walikuwa makaburini. Mfumo ukapelekwa hospitali nyingine sita.

Nyumbani, Mama Jalada aliondoa vifaa vya kufuli vyote vyenye ncha, akatandika magodoro mawili sakafuni. Jirani alileta beseni kubwa. Usiku mtoto alilala vizuri. Mchana alipenda kuangalia bawaba za mlango. Kila jioni Mama Jalada alimwambia alikuwa nani, na kwamba alikuwa mrefu, naye alitazama midomo yake ikisogea, akacheka.

Katika mwezi wa nne alimpeleka kliniki kupimwa. Walikaa kwenye foleni ya wazazi, yeye na miwani yake, na mtoto na ndevu zake zilizonyolewa asubuhi ile. Mama mmoja kijana, mwenye pacha, aliwasogezea nafasi.

"Mashallah, amekua. Wa ngapi huyu, mama?"

"Wa kwanza."

"Hongera. Wa kwanza ndio wenye kazi."

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani ya magunia iliyokuwa imeletwa kwa ajili yake, akaandika kwenye kadi kwamba uzito unaridhisha, meno yapo, hajaanza kusema. Wakati anashushwa, fundi kufuli aliyumba, akanyoosha mkono, akaikamata nguo ya Mama Jalada. Akafungua mdomo, akatafuta, akapata.

"Mama," alisema.

Benchi zima lilipiga makofi. Mama Jalada aliitika upesi, maana mtoto asiyeitikiwa huchelewa kusema.